Kurekodi televisheni kwa kompyuta: mtaji uwekwe wapi Mbinga na Nyasa?

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya elektroniki na wenye mabanda ya video katika mji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, wanaofikiria kuweka fedha katika kurekodi matangazo ya televisheni kwa kompyuta, wanapaswa kuzingatia jambo moja kabla ya kufungua mkoba. Katika matangazo ya dijitali, kifaa cha bei kubwa si lazima kitoe picha bora. Mara nyingi kifaa rahisi ndicho kinachohifadhi picha kama ilivyorushwa, na kile cha gharama ndicho kinachoipunguza.

Mazingira ya shughuli hii yamebadilika sana. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata. Mwaka huo huo Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, makao yake makuu yakawa Mbamba Bay. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Mwenye duka ambaye zamani alihesabu lita za dizeli sasa anaweza kufikiria kuacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha, ingawa kukatika kwa umeme bado ni gharama ya kuingizwa katika hesabu.

Wanaokumbuka kanda za VHS za miaka ya 1990 wanajua hasara ya kunakili. Kanda ya kwanza ilikuwa nzuri, nakala yake ikafifia, na nakala ya nakala ikawa na mchirizi na rangi zilizochujuka. Wengi bado wanaamini kwamba kurekodi kokote lazima kupunguze kitu. Kwa dijitali si hivyo.

Mkulima wa Umatengo ataelewa upesi akifikiria kahawa. Kahawa ya maganda ikiwekwa ghalani katika gunia lililofungwa, inaweza kuhamishwa kutoka ghala la chama cha msingi hadi kiwandani bila kubadilika, na kukobolewa siku inapohitajika. Matangazo ya dijitali huja angani yakiwa katika "maganda" yake: kituo kimekwisha kubana picha na sauti, kikazigawa katika vifurushi vidogo vya baiti 188 kila kimoja, na kila kifurushi huanza na alama ile ile, namba 71. King'amuzi kazi yake ni kukoboa, yaani kufungua vifurushi hivyo na kuvigeuza picha ya kuonekana kwenye runinga.

Kompyuta yenye tyuna hupokea mawimbi kutoka kwenye dishi au antena na kuandika vifurushi hivyo katika diski jinsi vilivyo. Haifungui wala haibani upya. Faili linalopatikana ni tangazo lenyewe, na likinakiliwa mara mia, nakala ya mia ni sawa na ya kwanza.

Njia ya pili, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi madukani, ni kuchukua picha iliyokwisha kutoka kwenye king'amuzi kwa waya za rangi tatu na kuiingiza kwenye kompyuta kupitia kifaa cha kunasia. Hapo kahawa imekobolewa tayari, na mtu anajaribu kuirudishia maganda. Picha ya kawaida ya mistari 576 yenye nukta 720 kila mstari, ikipita mara 25 kwa sekunde bila kubanwa, inahitaji takriban megabaiti 20.7 kila sekunde. Kwa saa moja ni gigabaiti 75 hivi. Hakuna mfanyabiashara mdogo atakayeweka diski za kiasi hicho, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuibana picha kwa mara ya pili, na kila kubana upya huacha kitu njiani.

Linganisha na njia ya kwanza. Chaneli ya kawaida inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde huchukua gigabaiti 1.35 kwa saa, na chaneli ya HD ya megabiti 8 huchukua gigabaiti 3.6. Diski ya terabaiti moja basi inabeba saa zipatazo 740 za chaneli ya kawaida, au 277 za HD. Kompyuta yenyewe haihitaji kuwa mpya. Kuandika megabaiti moja kwa sekunde ni kazi ambayo hata mashine ya mtumba inaimudu, kwa kuwa jasho la kompyuta huanza wakati wa kutazama, si wakati wa kurekodi.

Aina ya tyuna ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Ya antena haifanyi kazi kwenye dishi, na ya dishi haifanyi kazi kwenye antena. Aidha kuna vizazi viwili. Tyuna ya zamani ya DVB-T haisomi matangazo ya DVB-T2, na ya DVB-S haisomi ya DVB-S2. Bidhaa za kizazi cha kwanza huuzwa rahisi kwa sababu zimepitwa na wakati mahali pengine, na mwenye duka anayezijaza kwenye rafu anaweza kukaa nazo miaka.

Kwa eneo hili dishi ndilo tegemeo la wengi. Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari na nyuma yake milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000, hivyo mawimbi ya mnara wa nchi kavu hukingwa kirahisi. Lakini dishi nalo lina adui wake, mvua ya masika. Mvua kubwa inapodhoofisha mawimbi, picha ya dijitali haififii kama ya analojia, bali inagandamana na kuvunjika vipande. Kompyuta huyarekodi mapengo hayo kwa uaminifu ule ule. Kurekodi bila upotevu kunaanzia kwenye waya unaotoka dishini. Kilichopotea angani hakirudishwi na programu yoyote. Fedha ya kumlipa fundi alenge dishi vizuri ina faida kuliko fedha ya kununua kompyuta yenye kasi zaidi.

Sasa kuna kikwazo ambacho wauzaji hawakitaji. Chaneli za kulipia hurushwa zikiwa zimefungwa kwa msimbo. Tyuna ya kawaida itarekodi vifurushi hivyo bila tatizo, lakini faili halitafunguka. Kisheria, ufunguo ni kadi ya mteja ikiwa ndani ya king'amuzi, au katika moduli maalumu pale kampuni inapoitoa na tyuna ikiwa na nafasi yake. Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ambayo ndiyo inayojaza mabanda umiza, imo katika kundi hili: haki zake zilinunuliwa na Azam mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka 10 wa Sh. bilioni 225.6. Mtu anayekopa laki 5 kununua tyuna akitarajia kuhifadhi mechi ya Simba na Yanga atakuwa amenunua kopo asilo na ufunguo wa kulifungulia.

Baadhi ya ving'amuzi vina kitundu cha USB na hurekodi vyenyewe bila kupunguza ubora. Hiyo ni njia halali na rahisi. Hata hivyo, mafaili ya ving'amuzi vya kulipia mara nyingi hufungwa yasichezwe katika kifaa kingine, kwa hiyo king'amuzi kikiungua, maktaba nzima inaweza kuondoka nacho.

Kinachobaki wazi kwa mwenye tyuna ni chaneli zisizofungwa. Utaratibu wa leseni ulilenga chaneli za kitaifa kama TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV zionekane bila malipo ya mwezi. Suala hilo halikwenda bila mvutano: mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza watoa huduma wa dishi wa kulipia waziondoe chaneli hizo katika vifurushi vyao. Mnunuzi apime kwanza kwa dishi la jirani ni chaneli zipi zinazopatikana wazi mahali alipo.

Upande wa sheria, tofauti ni kati ya nyumbani na sokoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatoa nafasi kwa matumizi binafsi, lakini haki ya kunakili na kurusha tena kwa biashara ni ya kituo na wenye kazi. Kujaza flashi za wateja kwa malipo, au kuonyesha rekodi bandani kwa kiingilio, ni biashara inayohitaji idhini, na ubora kamili wa nakala hauwi utetezi. Kwa mwenye mtaji mdogo, uwanja ulio salama zaidi ni kuuza na kufunga vifaa, kulenga madishi, na kuuza diski.

Fundi atakayefanya kazi hiyo ajue mambo mawili ambayo wateja watamlalamikia. La kwanza ni umeme. Faili la TS, ambalo ni mfululizo wa vile vifurushi, huchezeka hata umeme ukikatika katikati ya kipindi, kwa sababu kila kifurushi kinajitegemea. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa mwishoni, na umeme ukizimika kabla ya hapo, saa 2 za kurekodi zinaweza kuwa takataka. Irekodiwe TS kwanza, kisha ihamishiwe MP4 baadaye kwa kubadili chombo tu bila kubana upya, kazi ambayo programu ya bure ya FFmpeg inaimaliza kwa dakika chache.

La pili ni flashi. Nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, usiokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Mteja wa Liuli au Lituhi anayerekodi kipindi cha HD ataona kinakomea baada ya saa moja na dakika chache, na atarudi dukani akidai ameuziwa flashi mbovu. Ipangwe upya kwa exFAT au NTFS kabla haijatoka dukani, baada ya kuhakikisha kwamba kifaa chake kinausoma mpangilio huo.