Hofu ya Sinema: Kwa Nini Wanaume na Wanawake Huionesha kwa Namna Tofauti

Mtu anapotazama sinema ya kutisha, iwe sebuleni kwake, katika ukumbi wa sinema au katika kibanda umiza cha mtaani, hujua kwamba anachokiona ni maigizo. Hata hivyo, mwili wake hausubiri uthibitisho. Picha na sauti zinazoashiria hatari huiamsha amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na utambuzi wa hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mboni za macho hutanuka, viganja hutoa jasho, na ini huachia sukari ili misuli iwe tayari kukimbia au kupigana.

Mabadiliko haya hutokea kwa mwanamume na kwa mwanamke pia. Hata hivyo, baada ya sinema ileile, mara nyingi mwanamke husema kwamba aliogopa sana, ilhali mwanamume aliyeketi kando yake husema kwamba ilikuwa ya kawaida tu. Kuielewa tofauti hii kuna manufaa yanayovuka mipaka ya burudani.

Kinachosemwa na kinachopimwa

Tafiti zinazotumia madodoso huonesha kwa jumla kwamba wanawake hukiri hofu zaidi, na wanaume husema kwamba wamefurahia zaidi. Vipimo vya mwili, kama vile kasi ya moyo na jasho la ngozi, havitoi tofauti iliyo wazi kiasi hicho.

Mwaka 1992, watafiti Pierce na Kirkpatrick wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Wanafunzi wa chuo walijaza dodoso la hofu, kisha wakalijaza tena baada ya kuelezwa kwamba mapigo ya moyo wao yangepimwa wakati wakioneshwa picha za vitu vinavyotisha. Wanaume walipodhani kwamba ukweli ungejulikana, walikiri hofu zaidi kuliko awali, kwa mfano hofu ya panya. Majibu ya wanawake hayakubadilika. Kwa hiyo, sehemu ya tofauti inayoonekana katika madodoso hutokana na kile ambacho mwanamume yuko tayari kukitamka.

Malezi na jamii

Mvulana anayelia huambiwa ajikaze kiume. Msichana anayepiga kelele kwa woga hukumbatiwa. Mafunzo haya huendelea hadi utu uzima. Mwaka 1986, Dolf Zillmann na wenzake waliwaonesha vijana sinema ya kutisha, kila mmoja akiwa na mwenzake wa jinsia nyingine aliyeelekezwa kwa siri namna ya kuonesha hisia. Wanaume waliifurahia zaidi sinema walipoketi na mwanamke aliyeonesha woga. Wanawake waliifurahia zaidi walipoketi na mwanamume aliyeonesha ushupavu. Sinema ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mwenendo wa mtu wa pembeni.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba tofauti yote ni maigizo. Katika vipimo vilivyoasisiwa na mwanasaikolojia Marvin Zuckerman, wanaume kwa wastani huonesha mvuto mkubwa zaidi wa kutafuta msisimko. Aidha, magonjwa ya wasiwasi huwapata wanawake takribani mara mbili ya wanaume. Lakini wastani wa kundi haumwelezi mtu mmoja: wako wanawake wapenzi wa sinema hizi na wako wanaume wanaokosa usingizi kwa sababu yake.

Je, hofu hii hudhuru?

Kwa mtu mwenye afya njema, athari huwa za muda mfupi. Mwaka 2015, watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha jaribio lililohusisha vijana 24 wenye afya. Baada ya sinema ya kutisha, kiwango cha kigandishi damu namba VIII kilipanda kuliko baada ya filamu ya elimu, lakini hapakuwa na dalili kwamba damu ilianza kuganda.

Mshtuko mkubwa wa hisia, hasa katika maisha halisi, waweza mara chache kusababisha ugonjwa wa moyo uitwao takotsubo. Jina hilo ni la mtungi wa Kijapani wa kutegea pweza, kwa kuwa chemba ya kushoto ya moyo huvimba na kufanana nao. Mgonjwa huumwa kifua kama mwenye shambulio la moyo, ingawa mishipa mikuu ya moyo haikuziba. Wengi wa wagonjwa ni wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona.

Kwa wahudumu wa afya

Mwanamume anayejikaza mbele ya sinema ndiye huyohuyo anayesema "sijambo" akiwa na maumivu ya kifua au baada ya ajali. Swali "Je, unaogopa?" humpa nafasi ya kukana. Ni afadhali kuuliza juu ya mwili: analalaje, anaota ndoto gani, moyo wake humwenda mbio wakati gani, ameacha kupita wapi. Kwa upande wa pili, mwanamke anayelalamikia mapigo ya moyo au maumivu ya kifua asiambiwe kwamba ni woga tu kabla ya kuchunguzwa. Makosa yote mawili huchelewesha matibabu.

Kwa wagonjwa na familia

Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kupitia ukatili au ajali mbaya, hana sababu ya kujilazimisha kutazama ili asichekwe. Anayekosa usingizi kwa siku kadhaa, au anayerudiwa na picha za kutisha bila kutaka, afike katika kituo cha afya. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuzimia ni dharura, hata kama yameanza mbele ya televisheni.

Watoto nao wachaguliwe cha kutazama, kwa kuwa hofu ya utotoni yaweza kudumu miaka mingi. Mvulana anayesema kwamba ameogopa asikilizwe sawasawa na dada yake. Akizoea kusema leo, hatashindwa kumweleza daktari akiwa mtu mzima.