Usiku wa Wageni, Kutoka Njia ya Misafara Hadi Western Jazz

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwaeleze jinsi watu wa kwetu walivyostarehe usiku, tangu siku ambazo hapa kwetu Bukene hapajasikika honi ya treni.

Zamani hizo mizigo ya biashara ilikwenda mabegani na vichwani mwa watu. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi kuliko wengine wote katika njia ya Tabora na pwani. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo, nguo na shanga zikapanda. Safari ilichukua kama miezi mitatu, na mtu alibeba kilo 30 na zaidi. Mnadhani jioni walianguka tu wakalala? Hata kidogo! Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika habari za wapagazi kuimba na kucheza kambini baada ya mwendo mrefu. Palipokuwa na kijiji chenye mtama, na pombe ilipatikana. Walikuwa mbali na mama zao, mbali na watemi wao, na moto wa kambi ukawakutanisha na watu wasiowajua. Katika safari hizo ndimo ulimokomaa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo wa pwani, ambao mpaka leo unafanya watu wacheke hata msibani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya Mwanza, ile inayopita hapa Bukene, ikakamilika mwaka 1928. Upagazi ukafa, ila vijana hawakuacha kuondoka. Walipanda treni kutafuta kazi. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani, ilikuwa imekwishaenea bara pamoja na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Halafu yakaja magitaa na saksafoni, tukapata muziki wa dansi.

Hapo ndipo ninapojivunia. Mwaka 1959, mtu wa kwetu Nzega, Iddi Nhende, alianzisha bendi jijini Dar es Salaam. Iliitwa Western Jazz, kwa sababu ya Jimbo la Magharibi walikotoka, na mtindo wao ukavuma kwa jina la Saboso. Fikirini kijana aliyetoka huku, hana ndugu mjini, wiki nzima anatumwa na kukemewa. Jumamosi anavaa shati lake safi, anaingia ukumbini na kukuta watu wa kwao. Tabora nako kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wakishindana vikali.

Wako watu duniani waliohitaji kumbi za usiku kwa sababu nzito zaidi ya ugeni. Ni wanaume wanaopenda wanaume wenzao, na wanawake wanaopenda wanawake wenzao, waliojificha mchana kutwa. Berlin ya miaka ya 1920 ilikuwa na kumbi zao nyingi, Eldorado ikiwa maarufu. Wanazi waliposhika serikali mwaka 1933, kumbi hizo zikafungwa. New York nako, mwaka 1966, wanaume wachache waliingia baa iitwayo Julius', wakasema wazi kwamba wao ni watu wa namna hiyo, wakaomba kinywaji. Wakanyimwa, maana baa iliyowahudumia iliweza kupoteza leseni. Juni 1969 polisi walivamia baa nyingine, Stonewall Inn. Safari hii wateja walikataa kutawanyika, na vurugu zikaendelea kwa siku kadhaa.

Nami nawaambieni bila kuficha: kumnyima mtu mahali pa kuketi na wenzake ni dhuluma, awe mpagazi, awe mchukuzi wa stesheni, awe hao wa Berlin na New York.

Wazee waliocheza Saboso wanazidi kupungua. Nendeni mkawaulize waliingia kumbi zipi, nani alipiga gitaa, nani alizuiwa mlangoni na kwa nini. Kisha yaandikeni majibu yao.