Mwezi Huinua Nchi Kavu Pia

Aghalabu mwanafunzi wa sekondari akiulizwa mwezi una athari gani duniani, hujibu kwamba huvuta maji ya bahari. Si kosa, lakini ni nusu ya jibu. Mwezi hauchagui cha kuvuta. Nguvu ile ile iletayo bamvua Mombasa huinua pia miamba iliyo chini ya miguu yetu, iwe Nakuru au Kisumu, kwa sentimita 30 hivi au zaidi, kisha miamba hiyo ikashuka, takriban mara mbili kwa siku. Hatuhisi lolote kwa sababu nyumba, mti na mlima hupanda pamoja nasi.

Mwezi wetu ni mkubwa mno kwa sayari ya kadiri hii: kipenyo chake chapita robo ya kipenyo cha dunia. Zuhura haina mwezi, na Mirihi ina viwili vidogo tu, mfano wa vijiwe. Msuguano wa maji yanayojaa na kupwa huipunguzia dunia kasi ya kujizungusha, na mwezi nao husogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Ushahidi umo ndani ya mawe. Mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari ya ukuaji katika matumbawe ya enzi ya Devonia, yaliyogeuka mawe miaka milioni 380 hivi iliyopita, akapata mistari kama 400 kwa mwaka mmoja. Yaani mwaka ulikuwa na siku 400, na siku saa zipatazo 22!

Zamani zaidi, mwezi ulipokuwa karibu sana, mvutano huo uliweza kuipasha miamba joto. Leo waweza kuusukuma ufa uliokwisha kuwa tayari kuteleza, lakini hautoshi kutabiri tetemeko. Wanaotabiri hivyo kila mwezi mpevu wapuuzwe.

Nimewasikia walimu wakidai kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Ajabu! Wavuvi wa Lamu wana kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, istilahi zilizopimwa kwa mwendo wa mwezi wenyewe. Kilichobaki ni kuzivusha kutoka majini. Mwalimu wa jiografia na aandike ubaoni "kupwa na kujaa kwa ardhi". Na kwa siku ambazo jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, "bamvua la ardhi". Sidhani kwamba mwanafunzi wa Lamu atahitaji kuelezwa mara mbili.