Sembe si chakula cha mababu

Muulize kijana yeyote wa Dar es Salaam chakula cha asili cha Mtanzania ni kipi. Atakujibu ugali bila kusita. Na ugali alio nao akilini ni mweupe na laini, umepikwa kwa sembe, pembeni kuna mchicha ulioungwa kwa nyanya, kitunguu na mafuta ya kutosha. Sahani hiyo tunaitetea kama urithi. Lakini mzee wa Dodoma au Singida aliyezaliwa kabla ya Uhuru anakumbuka ugali mwingine: wa uwele au mtama, wenye rangi ya udongo, ulioliwa kwa mlenda. Sembe aliijua ukubwani.

Mahindi yenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na yalifika pwani yetu na Wareno kuanzia karne ya 16. Kwa vizazi vingi, katika sehemu kubwa za bara, yalikuwa zao la pembeni. Nguzo za chakula zilikuwa mtama, uwele na ulezi, nafaka zilizozaliwa Afrika na zinazostahimili ukame. Zilishindwaje basi na mgeni anayekauka mvua ikichelewa wiki mbili?

Sababu ya kwanza ni posho. Wakati wa ukoloni, vibarua wa mashamba ya mkonge walitoka mikoa ya mbali, na mwajiri akawalisha unga wa mahindi. Ulikuwa rahisi kununua na kupima kwa wingi. Mtu akirudi kwao, amezoea.

Sababu ya pili hutajwa mara chache, nayo ni ndege. Kwelea kwelea wakivamia shamba la mtama au uwele, wanaweza kumaliza jasho la msimu mzima kwa siku chache, kwa sababu punje ziko wazi. Hindi limefunikwa kwa maganda yake. Zamani ulinzi wa shamba ulikuwa kazi ya watoto, walioshinda kwenye vichanja wakipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, watoto hao waliingia darasani, mahali wanapostahili kuwa. Shamba likabaki bila mlinzi, na mzazi mwenye akili akapanda mahindi.

Ya tatu ni sera. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilianzishwa mwaka 1968, na sembe yake ikafika mijini kwa bei iliyobebwa na ruzuku ya serikali. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoleta njaa, nchi iliagiza nafaka nje, na waliokuwa watoto enzi hizo wanaukumbuka hadi leo unga wa yanga, yale mahindi ya njano kutoka Marekani. Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984, lakini ladha ilikuwa imeshakaa. Unga mweupe ukawa alama ya mjini na ustaarabu. Mgeni akija, unampikia sembe. Dona, yaani unga usiokobolewa, ikabaki na sifa ya chakula cha bweni na jela.

Hapo ndipo tulipopoteza zaidi. Kukoboa hindi ni kuliondolea ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni wanga. Pumba wanapewa kuku na nguruwe. Kwa maneno mengine, mama anamlipa mwenye mashine fedha za ziada ili amtenganishie mtoto wake na lishe. Serikali iliagiza mwaka 2011 kwamba unga wa viwandani uongezwe virutubishi, na ni hatua njema, lakini mashine ndogo za mitaani, zinazolisha vijiji na vitongoji vingi, kuzifikia ni kazi ngumu.

Mboga nayo imebadilika bila kelele. Bibi zetu waliunga kisamvu kwa nazi au karanga, majani ya maboga kwa ufuta, na mgagani kwa maziwa kule kwa wafugaji. Mafuta yalikuwa ndani ya chakula chenyewe. Leo kila sufuria inaanza kwa mafuta ya kupimiwa dukani, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, wakati Kigoma ina michikichi na Singida ina alizeti. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba mwaka 1947 Waingereza walifyeka mapori ya Kongwa, Nachingwea na Urambo kupanda karanga ili wapate mafuta ya kwao. Walishindwa na kuuacha mradi ule mwaka 1951. Mapema hivyo ardhi hii ilitazamwa kama chanzo cha mafuta ya kula, nasi leo tunaagiza.

Kisha zikaja chipsi mayai. Najua wapo wanaowalaumu vijana kwa uvivu wa kupika. Siwaungi mkono. Kijana aliyepanga chumba kimoja, anayetoka kazini saa mbili usiku baada ya kusimama kwenye daladala, hana jiko wala muda. Maharage yanataka saa mbili motoni, na mkaa una bei. Kibanda cha chipsi kiko mlangoni pake, na chakula kinaiva akiangalia. Ameamua kwa hesabu. Kosa liko kwenye mafuta yanayokaangiwa tangu asubuhi hadi yanakuwa meusi, na kwenye mtaa usio na kitu kingine cha kumuuzia usiku huo.

Gharama ya haya yote tumeanza kuilipa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takribani watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na shinikizo la damu kwa robo yao. Wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 katika utafiti wa mwaka 2004/05. Ule wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 36. Katika utafiti huohuo wa 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na Iringa, mkoa unaosifika kwa mahindi, ulikuwa na zaidi ya nusu. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Sijui ushahidi gani zaidi tunausubiri kwamba kushiba si kulishwa.

Simtamani mtu yeyote arudi zamani. Ugogo, kule Dodoma, inakumbuka Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliyoua maelfu baada ya majeshi ya wakoloni kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Na mwanamke aliyeamka alfajiri kutwanga kinuni au kusaga kwa jiwe hakuwa akiishi maisha matamu. Mashine ya kusaga ilimpumzisha, na ibarikiwe. Lakini mashine ileile inayokoboa inaweza kusaga dona, na inaweza kusaga mtama.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa uwele, ulezi na nafaka za jamii hiyo. Mijini unga wa nafaka hizo umeanza kupanda hadhi, unawekwa kwenye vifungashio vizuri na kuuzwa kwa wenye kisukari kwa bei inayoishinda sembe. Nafaka ya maskini imekuwa dawa ya wenye nacho, na aliyeilima anaiuza ili anunue sembe.

Mahali pa kugeuza mambo ni shuleni, kwa kuwa ladha ya utotoni ndiyo inayodumu. Kamati za shule zinazokusanya michango ya uji na ugali ziache kudai mahindi yaliyokobolewa, zipokee dona, na Dodoma, Singida na Shinyanga zipokee mtama na uwele kutoka kwa wazazi wenyewe. Wewe mzazi, mkutano ujao wa shule ukiitishwa, nenda ukaulize watoto wanapikiwa unga gani.