Mkaguzi wa msimbo kabla ya programu kutoka (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia pale programu yetu ya mnada wa samaki, ile tunayoijenga katika mfululizo huu kwa kuwafikiria madalali na wachuuzi wa ufukweni hapa Dunda, inapokusanywa tayari kupakiwa kwenye simu. Leo tunaweka mkaguzi kabla ya hatua hiyo.

JavaScript, lugha aliyoitunga Brendan Eich kwa siku 10 mwaka 1995, ina uvumilivu uliopita kiasi. Ukisoma kigeu jumala badala ya jumla, inanyamaza mpaka mstari ule ufikiwe. Ikiwa mstari wenyewe unahusu mchuuzi anayekopa, wiki nzima inaweza kupita salama, kisha programu ikakwama mnada umepamba moto. Kosa baya zaidi ni if (deni = 0). Alama moja ya usawa haiulizi kama deni limekwisha, bali inaandika sifuri juu yake. Fedha ya mvuvi imepotea na hakuna aliyeonywa.

Kukagua msimbo bila kuuendesha kulianza na lint, aliyoiandika Stephen Johnson wa Bell Labs miaka ya 1970 kwa ajili ya lugha ya C. Kwa JavaScript, Douglas Crockford alitoa JSLint mwaka 2002, na Nicholas Zakas akaanzisha ESLint mwaka 2013. Tutatumia ESLint, kwa kuwa kila kanuni yake huwashwa au kuzimwa na mwenye mradi.

Kuisakinisha ni kazi ndogo. Uzito uko mahali pa kuiweka. Ikibaki amri ya pembeni itasahaulika siku ya haraka, na siku hiyo ndiyo makosa huingia. Kwa hiyo katika package.json andika:

"build": "eslint . && vite build"

Alama && husema amri ya pili, ile ya kukusanya programu, isianze mpaka ya kwanza ifaulu. ESLint ikikuta kosa, kazi yote husimama. Maonyo hayasimamishi kitu, mpaka uongeze --max-warnings 0.

Msimbo wa zamani huenda ukatoa makosa mamia. Usiwashe kanuni zote. Anza na no-undef na no-cond-assign, zinazokamata makosa yale mawili. Mambo ya nafasi na alama za nukuu yasubiri. Mkaguzi anayelalamikia kila kitu huzimwa, nami siwalaumu wanaomzima.

Anayetaka kuona kazi hii katika mradi mkubwa asome msimbo wa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Kurasa zake mpya hukaguliwa kwa ESLint, na ndivyo inavyostahili mfumo unaobeba dawa na vipimo vya watu.

Hata hivyo, bei iliyotoka kwenye fomu kama maandishi "5000", ikijumlishwa na 3000, itatoa 50003000, na ESLint itaipitisha. Kosa hilo linahitaji majaribio, na tutayaandika wiki ijayo.