Ukivutwa pembeni kwenye uwanja wa ndege

Likizo zinapokaribia, swali ni lilelile: "Kwa nini kila nikisafiri ni mimi ninayevutwa pembeni?" Anayeuliza mara nyingi ni mama wa hijabu au kilemba, binti aliyesuka nywele, au kijana anayeitwa Mohamed. Hawatii chumvi. Ila sababu si moja, na kila sababu ina dawa yake.

Anza na mashine, ile unayosimama ndani yake mikono juu. Haijui dini wala kabila. Inatafuta kitu kilichojitokeza juu ya mwili, na kitambaa cha kichwani au nywele nene vinaweza kuifanya itoe alama hata kama hakuna kitu. Mwaka 2022, GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani kazi za serikali, ilieleza kwamba ukaguzi wa TSA unaweza kuwaangukia zaidi watu wa aina fulani, na kwamba TSA yenyewe haikuwa imekusanya takwimu za kujua kama kuna ubaguzi. Kwa hiyo ukihisi mzigo huu unawaangukia zaidi watu wetu, hauko peke yako.

Hapo ndipo haki zako zinapofanya kazi. Hulazimiki kuvua hijabu mbele ya watu. Anayekupapasa anapaswa kuwa wa jinsia yako. Unaweza kuomba chumba cha faragha na kuingia na mtu wako, mume, dada au rafiki. Hata kama Kiingereza chako bado kidogo, maneno mawili yanatosha: private room. Yaseme kabla hawajaanza kukugusa. Ukiwa na mtoto anayejua Kiingereza, asiwe yeye wa kukutafsiria mambo ya mwili wako. (Na utani tuuache nyumbani. Neno "bomu" hapo halimchekeshi mtu.)

Sababu ya pili ni jina na tarehe ya kuzaliwa. Kabla hujasafiri, majina yako kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia hulinganishwa na orodha za serikali. Sasa fikiria: wangapi kati yetu waliandikiwa 1 Januari kambini? Jina la watu wengi likikutana na tarehe ya watu wengi, ni rahisi kufananishwa na mtu usiyemjua. Tazama pasi yako ya kupandia ndege. Ukiona herufi SSSS, umechaguliwa kwa ukaguzi wa ziada hata kabla hujafika kwenye mashine. Ikitokea mara moja huenda ni bahati nasibu. Ikikuandama kila safari, tuijaze pamoja fomu ya TRIP ya wizara ya usalama wa ndani. Ni bure. Utapewa namba ya kuandika kila unapokata tiketi, ili mfumo ukutofautishe na huyo mwingine.

Halafu kuna ubaguzi wenyewe, ambao hauna mashine ya kusingizia. Baba mmoja tunayemhudumia aliulizwa anasali wapi na mara ngapi, huku watu wote waliokuwa mbele yake wakipita bila swali. Sheria za TSA zenyewe zinakataza kumchagua mtu kwa rangi, dini au nchi alikotoka. Pale pale usibishane, maana ndege itakuacha. Omba kwa upole kuongea na msimamizi. Ukishapita, kaa chini uandike saa, mlango wa ukaguzi, maneno aliyoyasema, na jina lililo kifuani mwake kama uliliona.

Najua hofu inayofuata: "Nikilalamika, watanifutia karatasi." Sisi tuliokulia kambini tulifundishwa kwamba anayelalamika husogezwa mwisho wa foleni. Malalamiko kwa ofisi ya haki za raia ya TSA si kesi ya uhamiaji. Hata hivyo, kama una kesi ya uhamiaji inayoendelea, tuongee na mwanasheria wako kabla ya kutuma chochote, na ikiwezekana kabla ya kukata tiketi.

Fomu hiyo nayo tunaijaza ofisini, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza. Njoo wiki hiyohiyo uliyorudi, wakati bado unakumbuka, na pasi ya kupandia ndege usiitupe. Ndiyo kitu cha kwanza nitakachokuuliza.