Huduma kwa jamii: jinsi msichana wa Tononoka anavyoweza kuongoza mradi wake

Msichana wa miaka 16 hawezi kupiga kura. Kwa mujibu wa kifungu cha 260 cha Katiba ya Kenya, kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Aliye chini ya hapo ni mtoto. Ndiyo sababu mipango mingi inayotangazwa kwa jina la vijana, ikiwemo ya mikopo na ajira, haimfikii. Lakini shida za mtaa zinamfikia kila siku: mtaro ulioziba mbele ya nyumba yao, taka zilizolundikana njiani, choo cha shule kisicho na maji.

Kwa msichana huyo, mlango ulio karibu zaidi ni mradi wa huduma kwa jamii. Makala haya yanaeleza njia zilizopo, jinsi mradi unavyojengwa, na wajibu wa wazazi na viongozi wa mtaa ili mradi ubaki kuwa wa msichana mwenyewe.

Njia tatu za kuanzia

Ya kwanza ni Chama cha Girl Guides cha Kenya, kilichoanza mwaka wa 1920. Wasichana hukutana katika vikosi, vingi vikiwa shuleni. Kwa desturi ya Girl Guides kote duniani, kikosi hugawanywa katika makundi madogo ya wasichana sita hadi wanane, na kiongozi wa kila kundi ni msichana mwenzao. Hapo ndipo uongozi hujifunzwa: kugawa kazi, kusikiliza wenzake na kueleza kilichofanyika na kisichofanyika, kabla ya kukabidhiwa jambo kubwa.

Ya pili ni Tuzo ya Rais, iliyoanzishwa nchini mwaka wa 1966 wakati wa Mzee Jomo Kenyatta, miaka kumi baada ya mpango kama huo kuanza Uingereza. Iko wazi kwa wavulana na wasichana wa miaka 14 hadi 24, na ina ngazi tatu: shaba kuanzia miaka 14, fedha kuanzia 15 na dhahabu kuanzia 16. Katika kila ngazi mshiriki hutoa huduma kwa jamii, hujifunza stadi, hufanya mazoezi ya mwili na huenda safari ya kujipima uwezo. Anayetafuta dhahabu huongezewa siku tano za kuishi na kufanya kazi na watu asiowazoea. Huduma hudumu kwa miezi mitatu katika shaba, sita katika fedha na kumi na miwili katika dhahabu, kwa wastani wa saa moja kwa wiki. Washiriki hawashindani, kila mmoja hupimwa kwa malengo aliyojiwekea.

Ya tatu ni shule yenyewe. Mtaala wa umilisi umeifanya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima katika sekondari pevu, yaani gredi ya 10 hadi ya 12. Msichana ambaye shule yake haina kikosi cha Girl Guides wala Tuzo ya Rais bado anaweza kuanzia darasani.

Kutumwa si kuongoza

Wasichana wengi wameshafagia uwanja siku ya usafi, wakapigwa picha na kupewa cheti. Hiyo ni huduma, na ina faida yake. Lakini shida ilichaguliwa na mtu mwingine, siku ikapangwa na mtu mwingine, na wiki iliyofuata taka zikarudi.

Anayeongoza huanza na swali: shida hii inatoka wapi? Nchini Marekani, Girl Scouts wanaotafuta Tuzo ya Dhahabu, iliyo ya juu kabisa kwao, hushauriwa kutenga saa 80 au zaidi kwa mradi mmoja. Wanatakiwa kutaja chanzo cha shida na kuonyesha jinsi kazi itakavyoendelea wao wakishaondoka. Masharti hayo mawili yanafaa kutumika hata Tononoka.

Tuchukue mfano wa mtaro unaofurika kila masika. Kuuzibua ni kazi ya asubuhi moja. Anayetaka kujua chanzo atautembelea kwa wiki kadhaa na kuandika anachokikuta: ni chupa za plastiki, mabaki ya chakula au mchanga wa ujenzi? Atauliza nyumba na maduka ya karibu taka zao huwekwa wapi, na huchukuliwa siku gani. Huenda akagundua kwamba watu hawakosi adabu ya usafi, ila wamekosa pipa au hawajui ratiba. Hapo mradi wake hubadilika: badala ya kuzibua mtaro, anapanga zamu za nyumba kumi kutoa taka siku moja, na anapeleka ombi la pipa.

Mfano wa pili uko shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi iliyorekebishwa mwaka wa 2017 inaitaka serikali kuu impe sodo bila malipo kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Sehemu ya kwanza huzungumzwa sana, ya pili husahaulika. Kundi la wasichana linaweza kukagua vyoo vya shule yao, kuandika vilivyopungua na kuwasilisha ripoti kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule. Hakuna anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuwashinda wao.

Haki ya kupeleka ombi

Umri haumfungi mdomo msichana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma, na hakikutaja miaka 18. Uzoaji wa taka ni jukumu la kaunti, kwa hivyo ombi la pipa au la kurekebisha ratiba huanzia kwa msimamizi wa wadi, na linaweza kufika hadi Bunge la Kaunti.

Tarehe nazo zina uzito. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi lenye takwimu za wiki kadhaa, likifika kabla ya tarehe hizo, lina nafasi kubwa kuliko malalamiko yanayotolewa mvua ikishanyesha.

Wajibu wa wakubwa

Wazazi wengine husita, wakiona uongozi wa wasichana kama jambo la kigeni. Mombasa yenyewe ina historia tofauti. Vyama vya lelemama viliendeshwa na wanawake wenyewe, vikiwa na vyeo na viongozi wao, na katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa mji huu waliunda vyama vilivyoshughulikia elimu na maslahi ya wenzao. Mabinti wa leo wanafuata nyayo za bibi zao.

Hofu ya usalama, hata hivyo, ni ya haki. Tononoka inajulikana sana kwa mahakama yake ya watoto, na wakazi wanajua watoto wanavyoweza kuumizwa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Kwa mradi, maana yake ni hii: mzazi akubali kwanza, awepo mlezi mzima anayejulikana, wasichana wasiende nyumba za watu mmoja mmoja, kazi imalizike mchana, ratiba isigongane na madrasa wala masomo, na picha ya mtoto isisambazwe bila idhini. Pesa zikichangwa, mlezi azitunze na wasichana waione hesabu yote.

Baada ya hapo, mlezi arudi nyuma. Mkutano uendeshwe na msichana, barua iandikwe naye, na akikosea apewe nafasi ya kurekebisha.

Kabla ya kuanza, kila kundi lichague mapema msichana mdogo wa mwaka mmoja au miwili atakayerithi daftari la mradi. Anayeongoza leo atafanya mitihani na kuondoka, na mtaro utabaki ukihitaji mtu wa kuutazama.